Mkunga wa Pengoni na Baraza la Mistari

Nchi ya Mistarini ipo, na asiyeamini ashauriane na moyo wake, mimi sigombani na mtu. Aliyefika huko ni Bi Rehani Mkwavi, mkunga wa siku nyingi, mwanamke mnene mwenye sauti ya juu, asiyependa mzaha wakati wa kazi wala kazi wakati wa kula. Serikali ya Mistarini ilikuwa imetangaza kwamba ina upungufu mkubwa wa wakunga, naye akaitika. Jinsi alivyosafiri hainihusu. Naanzia pale alipopokewa.

Aliyempokea aliitwa Bwana Hatua, karani wa Ofisi ya Mipaka, mtu mzima mwembamba, amevaa kaki iliyopigwa pasi mpaka kwenye soksi, na kwapani amebana ramani kubwa kama mkeka uliokunjwa. Bi Rehani akamwuliza hali. Bwana Hatua hakuitikia. Alikunjua ramani chini, akapiga magoti, akatembeza kidole mpaka kikatulia.

"Tuko eneo la elfu nne mia mbili na saba," alisema, akijipangusa magoti. "Sasa waweza kunisalimia."

"Na kama usingejua tulipo?"

"Ningekuwa sijambo wapi, Bi Mkunga?"

Bi Rehani alimpandisha akamshusha kwa macho, akaokota mkoba wake wa kazi, akamfuata. Alikuwa mgeni.

Basi alijifunza taratibu kwamba Mistarini kila kipande cha ardhi kina namba, na mtu ni namba ya mahali anapolala. Mchumba anaulizwa namba kabla ya jina. Watu wakigombana hawatukaniani wazazi, hutukaniana maeneo. Namba ya eneo lililofutwa haipewi eneo lingine kamwe, maana wanasema itawachanganya wajukuu. Huandikwa kwenye kibao, huvikwa sanda, huzikwa, na mtu mwenye cheo husoma wasifu wake. Bi Rehani alihudhuria mazishi mojawapo. Eneo lilikuwa limeunganishwa na jirani yake asubuhi hiyo. Wakazi wake walikuwapo wote, wazima wa afya, wakila pilau ya msiba wao wenyewe.

Lakini sheria kubwa ya nchi, iliyochongwa juu ya kila mlango wa serikali, inasema hivi: Ramani haikosei. Ardhi ikitofautiana na ramani, mwenye kosa ni ardhi. Kulikuwa na kilima ambacho mpimaji wa zamani alikichora mahali kisipokuwapo. Siku Bwana Hatua alipokuwa akimpeleka Bi Rehani kwenye kituo chake cha kazi, walifika kwenye uwanda ulionyooka kama meza, na ghafla karani akaanza kuhema, mikono kiunoni, akipanda kwa shida mahali pasipo na mwinuko hata wa kichuguu.

"Una pumu, bwana?"

"Hapa pana kilima," alijibu akitweta. "Nakuomba na wewe uheme kidogo. Kuna askari nyuma yetu."

Bi Rehani, kwa unene wake, alikuwa akihema tayari, kwa hiyo sheria haikumgusa.

Mbele ya kilima hicho ulikuwa Mto Kaidi. Zamani mto huu ulipita upande mmoja wa kijiji cha Pengoni, na mstari wa mpaka kati ya tarafa ya kaskazini na tarafa ya kusini ukachorwa katikati ya maji. Kisha ikaja mvua kubwa, mto ukahama, ukapita upande wa pili wa kijiji. Wenye akili za kawaida wangechora upya. Mistarini waliushitaki mto. Kila mwaka karani husimama ukingoni na kipaza sauti, anausomea hati ya kuitwa shaurini, na kila mwaka huandikwa kwamba mshitakiwa hakuhudhuria wala hakutoa udhuru.

Kibaya zaidi, tarafa ya kaskazini, kwa kukwepa kesi, ilisogeza mstari wake nyuma mpaka ulipo mto mpya. Ya kusini ikashikilia ulipokuwa mto wa zamani. Kila moja iliridhika na upande wake. Katikati ya mistari hiyo miwili kikabaki kipande cha ardhi kisicho na mwenyewe, na ndani ya kipande hicho, Pengoni: nyumba, mashamba ya mihogo, mbuzi, na watu.

Walipokaribia Pengoni, Bwana Hatua alifumba macho, akanyoosha mkono. "Nishike, Bi Mkunga. Univushe mpaka upande wa pili."

"Umeingiwa na kidudu jichoni?"

"Mtumishi wa serikali haruhusiwi kuona watu wasiokuwapo. Mwenzangu mmoja aliona, akapewa onyo kwa maandishi."

Basi Bi Rehani akamwongoza kama kipofu katikati ya kijiji, na watu wa Pengoni wakasimama milangoni kutazama. Walikwisha kuzoea. Mwanamume mmoja alimwondolea karani jembe njiani asijikwae. Kuku mmoja, asiyejua kanuni, alimdonoa.

Hapo ndipo bibi mmoja mwenye kanga iliyopauka alipowakimbilia, akaukamata mkoba wa Bi Rehani kwa mikono yote miwili. Jina lake Bibi Shinuna.

"Mwanangu, mkoba huu naufahamu. Wewe ni mkunga?"

"Shikamoo, mama. Ndiyo, ni mkunga."

"Marahaba. Njoo umwone mkwe wangu."

Mkwe mwenyewe alikuwa ameketi kibarazani, tumbo limefika mbele yake, miguu imevimba. Aliitwa Mwanakheri. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimefika mwisho wake vizuri, na watoto wote wawili walikufia njiani, kwa sababu hospitali ya kaskazini ilimwambia ni mtu wa kusini, na ya kusini ikamwambia arudi kaskazini. Bi Rehani alimpapasa tumbo. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Alitaka mkono wa mtu anayejua, na siku zilikuwa karibu.

"Nitakuzalisha mimi," alisema. "Hilo limekwisha."

"Huwezi!" Bwana Hatua alisema, macho yamefumbwa kabisa. "Mkunga akifanya kazi mahali pasipo na namba, ananyang'anywa mkoba na kufukuzwa nchini. Na mtoto atakayezaliwa pasipo mahali haandikwi. Asiyeandikwa hachanjwi, hasomi, na akifa hapati kibali cha kuzikwa."

"Unaongea na nani, bwana, nawe huoni mtu?"

"Naongea kwa jumla."

Bi Rehani alikuwa na hasira nyingi mwilini lakini hakuzimwaga hapo. Alitaka kwanza akione kituo alichopangiwa.

Kituo chenyewe kiliitwa Maradufu. Huko mambo yalikuwa kinyume: wilaya mbili zilichora mipaka yao zikapandana kama shuka juu ya shuka, na kila mkazi akahesabiwa huku na kule. Kwa takwimu, Maradufu ulikuwa mji mkubwa. Kwa macho, vichochoro vichache na msikiti. Ulikuwa na shule mbili zinazotazamana, na watoto wanasoma asubuhi hii, jioni ile. Ulikuwa na watendaji wawili, ambao kwenye kila msiba walisukumana mlangoni nani atangulie kutoa pole. Na wakunga wawili, ambao mama akishikwa na uchungu waligombania mtoto huku na huku mpaka baba aingilie kati. Bi Rehani alitakiwa awe wa tatu.

"Kwa nini msimpeleke mmoja Pengoni?" aliuliza.

Watendaji wakatazamana. "Pengoni ni wapi?" walisema kwa pamoja, kisha wakagombana nani alisema kwanza.

Usiku ule hakulala kwa raha. Si kwamba alikuwa mtu wa kulia ovyo, lakini kila akifumba macho aliuona mguu uliovimba wa Mwanakheri. Kulipokucha alirudi Pengoni kwa hiari yake, akampandisha Mwanakheri kwenye mkokoteni wa punda pamoja na mama mkwe wake, wakaenda Kiini, mji mkuu, kwenye Baraza la Mistari. Bwana Hatua aliwafuata akiomba radhi kwa kila mtu waliyepishana naye.

Baraza hukaa katika jumba la mviringo lililozungushiwa ukuta mweupe. Wajumbe ni wazee waliovaa majoho yenye mistari, na Mwenyekiti, Mzee Kadiri, alikuwa na rula ya dhahabu ambayo huinyoosha mtu anapotakiwa kunyamaza. Bi Rehani alimketisha Mwanakheri kwenye kiti cha mbele, akaeleza shauri lake kwa adabu aliyoweza kuipata.

Mzee Kadiri alikitazama kiti. "Kwa nini kiti kitupu kimewekwa katikati ya Baraza? Kiondolewe."

Askari wawili wakaja. Wakajaribu kukiinua. Kiti kilikuwa kizito.

"Kina nini?" aliuliza Mwenyekiti.

"Hakina kitu, Mheshimiwa," walijibu, jasho likiwatoka. "Ila hakiinuki."

Kikaachwa, na mjadala ukaanza. Mjumbe wa kaskazini alisema Pengoni ni ya kusini, na yuko tayari kula kiapo. Mjumbe wa kusini alisema hajawahi kuona ukarimu wa namna hiyo, na kwa heshima anaurudisha kama zawadi kwa mwenyewe. Mjumbe wa tatu alipendekeza mto urudishwe kwa nguvu, watu wapewe ndoo. Wa nne alitaka wapelekwe wataalamu kuchunguza kama Pengoni inaweza kuacha kuwapo yenyewe, bila gharama.

"Waheshimiwa," alisema Bi Rehani, "si mchore tu mstari upya? Kalamu mnayo."

Ukumbi mzima ulivuta pumzi kama mtu aliyetukaniwa mama. Mzee Kadiri alimwelewesha polepole, kama unavyomwelewesha mtoto kuhusu moto.

"Bi Mkunga, tukibadili mpaka leo, hesabu za mwaka huu tutazilinganisha vipi na za zamani? Katika zile za zamani Pengoni hapana watu. Tukihesabu sasa tutakuta kijiji kizima. Watu watauliza, wametoka wapi? Tutasema nini?"

"Mseme mlikosea."

Mzee Kadiri alinyoosha rula. "Neno hilo," alisema, "halina namba."

Wajumbe walipiga meza kwa furaha, na wengine walikuwa bado wanapiga meza wakati kiti kitupu kilipotoa ukelele.

Uchungu ulikuwa umemshika Mwanakheri. Bi Rehani hakuuliza ruhusa kwa mtu. Aliing'oa ramani ya taifa ukutani, akaitundika kati ya nguzo mbili iwe pazia, akakunja mikono ya gauni, akamwita Bibi Shinuna ashike miguu. Akaagiza maji ya moto. Hakuna aliyejua kama ni halali kumpelekea maji mtu asiyekuwapo, ila Bwana Hatua, ambaye alikuwa amefumba macho siku nyingi sana, aliyafumbua, akakimbia jikoni, akarudi na sufuria inayofuka moshi.

"Sukuma sasa, mwanangu," sauti ya Bi Rehani ilitoka nyuma ya mikoa na wilaya. "Usinionee haya mimi, wala hawa wazee wa mistari. Sukuma!"

Kazi haikuwa rahisi. Mtoto alikuja kwa kukaidi, na palikuwa na kitambo ambacho Bi Rehani hakusema neno hata moja. Wamjuao wanajua kimya chake ni kibaya. Bibi Shinuna alikuwa akisoma dua kwa sauti iliyokatika. Hata wajumbe waliacha kukohoa. Kisha kikaja kilio, chembamba, chenye hasira, cha msichana, na Bwana Hatua akaketi chini sakafuni na kaki yake yote, akacheka huku analia.

Sasa sikiliza vitimbi. Sheria ya Mistarini inasema kilio cha mtoto mchanga kikisikika mbele ya chombo cha serikali, lazima kiandikwe papo hapo, pamoja na namba ya mahali. Mtoto hakutoka Pengoni, alizaliwa Kiini, mbele ya mashahidi wenye majoho. Katibu alichovya kalamu.

"Namba ya mahali hapa?" aliuliza.

Wajumbe wakaanza kufungua makabrasha yao.

"Waheshimiwa, jumba hili lina namba gani?"

Wakatazamana. Wakateremsha ramani iliyokuwa pazia, Mwanakheri akiwa amekwisha kusitiriwa, wakainama wote juu yake, majoho yakigongana. Kila kata ya mji mkuu ilikuwa imechorwa, na kila moja ilipofika kwenye ukuta mweupe wa Baraza ilisita, ikauzunguka kwa heshima. Hakuna aliyethubutu kulitia jumba la mipaka ndani ya mpaka wake. Katikati palibaki duara tupu.

"Pasipo na namba hapana serikali," alisema katibu, kwa sauti ndogo, akinukuu kanuni. "Kwa hiyo sisi..."

"Usimalizie!" Mzee Kadiri aling'aka. Lakini rangi ilikwisha kumtoka. Maana kama jumba halikuwa mahali, basi kila mpaka uliopitishwa humo ulikuwa umepitishwa na watu wasiokuwapo, na majoho yale yalivaliwa na hewa. Askari mmoja alikwisha kuanza kumtazama Mwenyekiti kama anavyotazamwa mtu wa Pengoni, yaani kupitia kwake.

"Lipewe namba sasa hivi!" alisema mjumbe wa kusini.

"Eneo jipya lazima liwe na mkazi anayelala ndani yake," alisema katibu. "Nani analala hapa?"

"Kulala tunalala," alisema mjumbe mzee aliyeketi mwisho, "ila ni mchana, wakati wa mijadala."

Kanuni zikapekuliwa. Kulala mchana hakukubaliki. Lakini aliyezaliwa mahali ni mkazi wa mahali hapo tangu pumzi ya kwanza. Macho yote yakageuka kwenye kanga ya Bibi Shinuna, ambamo mkazi pekee wa Baraza la Mistari alikuwa akinyonya kidole.

Mzee Kadiri alisimama, akaiweka rula mezani, akamwendea Mwanakheri. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumtazama.

"Mama," alisema, "hongera. Tunaomba mtoto wako awe mkazi wetu."

Mwanakheri alikuwa amelala kwenye majoho mawili yaliyokunjwa, amechoka, midomo imekauka. Bi Rehani alifungua kinywa amsemee, akakifunga, kwa kuwa mwenyewe alikwisha kuanza kusema.

"Mwanangu hakai hapa peke yake. Mkimtaka, mnichukue na mimi."

"Bila shaka. Mtoto na mama yake."

"Na mume wangu."

"Na baba. Kaya ni kaya."

"Na mama mkwe huyu hapa. Na shangazi wa mume wangu, ndiye atakayenikanda. Na jirani anayenipa moto asubuhi, bila yeye sipiki. Na yule mwenye mbuzi, maziwa ya mtoto nitayatoa wapi? Na wanawe, ndio wachunga mbuzi."

"Mama, hao wote hawataenea humu!"

"Nani kasema tunakuja humu? Mihogo yetu iko kule."

Mzee Kadiri alitazama mlango, akatazama askari, akatazama lile duara tupu kwenye ramani. Katibu alimnong'oneza kwamba sheria inaruhusu eneo moja kuwa vipande viwili vilivyo mbali. Basi kalamu ikachukuliwa, na duara la Kiini likatiwa rangi, na kipande kilichokuwa kati ya mistari miwili kikatiwa rangi ileile. Pengoni ikaandikwa kuwa sehemu ya Baraza la Mistari. Bi Rehani akapangiwa huko kama mkunga wa Baraza, na ndiyo sababu mpaka leo kila mzee wa joho, kwa kuwa yuko eneo lake, hukumbushwa kwa barua aende kupimwa ujauzito.

Siku ya sensa ilipofika, Bwana Hatua alitumwa Pengoni. Alipita nyumba kwa nyumba, na katika kila nyumba walimpikia, kwa kuwa walikuwa hawajawahi kukaribisha mtu wa kuwahesabu na hawakujua kwamba si harusi. Alifika kwa Bibi Shinuna akiwa amevimbiwa. Bi Rehani alikuwapo kibarazani, amempakata yule mtoto.

Karani aliuliza yale yanayoulizwa. Jina, umri, paa la nyumba, maji. Kisha akafika kwenye swali linaloulizwa wanawake wote, akalisoma kama lilivyo.

"Umezaa watoto wangapi, walio hai na waliofariki?"

Bibi Shinuna alimtazama kama hakusikia vizuri. "Serikali inauliza hilo?"

"Inauliza, mama."

Akaanza kuwataja. Hakutoa idadi, alitaja majina, mmoja mmoja, polepole, na kwa wale waliokufa kabla ya kupewa majina alitaja majira: yule wa wakati wa mavuno, yule wa mafuriko, yule aliyelia mara moja tu. Bwana Hatua alikuwa na nafasi ya kuandika tarakimu moja. Alisimamisha kalamu, akangoja. Bi Rehani aliinamisha uso juu ya mtoto.

"Na walio hai?" karani aliuliza hatimaye.

"Mmoja. Baba yake huyu."

Akaandika. Alipotaka kufunga karatasi zake, bibi aliziwekea mkono juu.

"Andika na hili," alisema. "Andika kwamba mmekuja kuuliza leo."